Dozi ya TB Imeisha, Kikohozi Kipo

Kilosa na Mikumi, mtu akikohoa mwezi mzima na kukonda, jirani ana jibu tayari: TB. Kweli kifua kikuu ndicho cha kupimwa kwanza. Lakini makohozi yakirudi safi, na dozi ya miezi 6 ikaisha bila nafuu, kumwanzishia dozi nyingine ni kumpotezea muda. Saratani ya mapafu nayo hukondesha na kukohoza damu.

"Hajawahi kuvuta sigara." Sigara inaongoza, sawa, ila haiko peke yake. Moshi wa kuni unaojaa jikoni umo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mama zetu wameuvuta tangu utotoni.

"Sarkoidosisi ni ya Wazungu." Huyu ni mshukiwa wa tatu: ugonjwa wa kinga ya mwili kuotesha vinundu, hasa mapafuni na kwenye matezi. Nchini Marekani huwapata Weusi zaidi. Mchekeshaji Bernie Mac, aliyefariki 2008, aliishi nao. Kwetu hujificha nyuma ya TB, kwa kuwa picha zake za kifua hufanana.

"Kama ni sarkoidosisi, basi si saratani." Dai hili ndilo la hatari kuliko yote. Mwaka 1974 watafiti wa Denmark waliripoti saratani ya mapafu kuwa nyingi zaidi kwa wenye sarkoidosisi, wengine waliwapinga. Lisilo na ubishi ni kwamba magonjwa haya huweza kukaa kifua kimoja, na kwamba saratani yenyewe huweza kuyaotesha matezi ya jirani vinundu vilevile. Kwa hiyo kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi kwa kipimo kikionyesha vinundu, doa linaloonekana pafuni kwenye picha bado halijajibiwa. Na kuna upande wa pili, unaoniuma zaidi: mgonjwa anaambiwa saratani imesambaa hadi kwenye matezi, anakosa upasuaji ambao ungemponya, kumbe matezi yana vinundu tu. Prednisolone, dawa ya sarkoidosisi, nayo huweza kutuliza kikohozi huku uvimbe ukikua, na kama kuna TB iliyojificha, huipa nguvu.

"Wakichukua kinyama, saratani inasambaa." Hatari hiyo ni ndogo mno. Wengi waliofariki baada ya kipimo walifika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na bila jibu la maabara madaktari wa hospitali ya saratani ya Ocean Road hawawezi kuchagua tiba. Omba rufaa mapema, hospitali ya wilaya Kilosa au St. Kizito Mikumi, na ubebe picha zote za kifua, hata za miaka ya nyuma: doa la zamani lisilokua na doa jipya hayasomwi sawa.