Kenya: Mwajiriwa mpya na kinga ya maandishi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aandae mkataba wa maandishi kwa ajira ya miezi 3 au zaidi. Mkataba huo usipokuwepo na mgogoro ukafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wa mwajiri. Hata hivyo, vijana wengi huanza kazi kwa makubaliano ya mdomo.

Mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Makato ya bima yasipowasilishwa, mfanyakazi huenda akayagundua akiwa hospitalini. Fomu ya P9 huonyesha kodi iliyokatwa kwa mwaka. Asiyeilinganisha na hati zake za malipo hubaki akitegemea uaminifu wa mwajiri pekee.