Programu ni ya bure, lakini maelezo yake ni ya nani?

LUBUMBASHI – Mwaka 2014 mji huu ulikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa na mradi wa Missing Maps, unaounganisha Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu na kundi la HOT. Watu wa kujitolea walikaa London mbele ya ordinatere, wakachora nyumba na barabara kwa kufuata picha za satelaiti. Lakini jina la avenu halionekani toka juu. Wanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi ndio waliotembea kwa miguu, makaratasi mkononi, wakiuliza wakaaji: hapa panaitwa namna gani?

Ramani hiyo, OpenStreetMap, iko wazi kwa wote. Kila mtu anaweza kuisahihisha bila kulipa hata franka moja. Ila bure si kusema rahisi. Kijana wa Katuba anafungua maelezo, anakuta Kifaransa cha mainjinia, anafunga telefoni. Basi bure hiyo imemsaidia nini?

Kuna wanaosema: "Mwenye kujua ordinatere anajua Kifaransa." Hayo ni maneno ya ofisini. Njia mpya za komini ya Annexe zinajulikana na mama anayeuza makala na dereva wa moto. Zinajulikana pia na familia iliyokimbia vita, inayopanga chumba kimoja kwenye avenu isiyo na jina kwenye ramani. Kipindupindu kikiingia, timu ya afya itaifikaje?

Wengine wanasema tuchukue tu Kiswahili cha Tanzania. Kweli, Dar es Salaam ilitangulia: Jambo OpenOffice ilitoka mwaka 2004, na toka 2015 wanafunzi wa Ramani Huria walichora mitaa inayopata mafuriko. Mfano huo ni mzuri. Lakini huku watu husema avenu, katiye, ordinatere. Maelezo yasiyotumia maneno hayo yatamsimamisha msomaji mlangoni.

Kazi yenyewe haiombi mamilioni. Kila komini itoe watu watano, ukurasa mmoja kila siku ya posho. Mwalimu aliyehama toka Kivu aandike pamoja na mwanafunzi wa hapa. Kisha asiyejua kitu apewe telefoni, asome, afuate hatua kwa hatua. Pale atakapokwama, kosa ni la ukurasa, si lake. Ukurasa huo uandikwe upya.

Na ukurasa wa kwanza useme wazi jambo ambalo waliokimbia wana haki ya kuuliza mbele ya yote: ramani hii inaandika avenu, kisima na kituo cha afya. Jina la mtu na kwao alikotoka havina nafasi humo.

Mwaka 2014 Lubumbashi ilitoa miguu yake. Kungoja wageni waje kuandika maelezo kwa lugha yetu ni kukubali kuwa miguu tu.