Acheni kuchomelea friwili

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike hapa Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza barani Afrika, vijana wanaoniletea fremu kuukuu Gatsata wameongezeka. Wengi wanataka fiksi: baiskeli ya gia moja isiyo na friwili, gurudumu likizunguka na pedeli nazo zinazunguka. Mimi naipenda baiskeli hiyo. Ni nyepesi na haina mengi ya kuharibika. Ninachokipinga ni namna sisi mafundi tunavyoitengeneza.

Desturi yetu ni kuipiga friwili weldi mpaka isicheze, kisha kumpa kijana aende zake. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na ni hatari. Friwili hufungwa kwenye habu kwa hesi ya kulia. Ukikanyaga kwenda mbele inajikaza. Ukizuia pedeli ili upunguze mwendo, inaanza kujifungua. Habu za baiskeli za mbio za uwanjani zina hesi ya pili ya kushoto, yenye pete inayoibana sproketi isilegee. Habu ya friwili haina pete hiyo. Kijana yuko katikati ya mteremko, anazuia kwa miguu, na ghafla pedeli hazishiki kitu.

Na huku kwenye marundo ya vyuma zimejaa habu za breki za diski, zilizotolewa kwenye baiskeli za mtumba. Chukua moja, uitazame pale diski ilipofungwa: matundu sita ya boliti za milimita 5, yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 44. Boliti hizo ziliwekwa kuhimili nguvu ya kusimamisha baiskeli pamoja na mtu aliyeipanda. Geuza gurudumu, upande wa diski uje kulia, kisha funga sproketi mahali pa diski. Ukishaligeuza, mnyororo unaivuta habu kuelekea upande uleule ambao breki ilikuwa ikiivuta, kwa hiyo habu inabeba mzigo ilioundiwa. Ukizuia kwa miguu, hakuna hesi ya kujifungua, kwa sababu sproketi haikufungwa kwa kuzungushwa.

Fundi wa kukereza anaweza kuitoboa sproketi hiyo kwa vipimo, bora isipungue meno 16. Ikiwa ndogo zaidi, vichwa vya boliti vinaugusa mnyororo. Habu ya nyuma ya diski kwa kawaida ina upana wa milimita 135, na fremu nyingi za zamani za chuma haziipokei. Msiipanue fremu kwa nguvu. Tumieni habu ya mbele, ambayo ni milimita 100, mjazie washa sawasawa pande zote mbili. Chagueni yenye ekseli ya nati, maana mnyororo wa fiksi unavuta sana na ekseli ya kubana kwa mkono inateleza.

Kuhusu breki sina mjadala. Diski ya nyuma imeshaondoka, basi breki ya mbele lazima iwepo na iwe inashika. Vijana wananionyesha kwenye simu watu wasio na breki. Wale wa mashindano wako ndani ya uwanja usio na magari wala makutano ya barabara. Sisi tunashuka kutoka vilima vya Gatsata kuingia bonde la Nyabugogo, kati ya mabasi na pikipiki. Kwa sproketi ya mbele ya meno 44 na ya nyuma ya meno 18, mwendo wa kilomita 40 kwa saa unaizungusha miguu kama mara 130 kwa dakika. Mguu ukishazidiwa hivyo, hauwezi tena kuzuia kitu.

Anayetaka niiondoe breki ya mbele namrudishia fremu yake. Nawaomba wenzangu wa Gatsata nao wamkatalie, asiipate huduma hiyo kibanda cha pili.