"Mbona Hujaoa?" Si Swali la Kazi

Ingia jengo lolote la ghorofa pale Posta, kuanzia Samora hadi Azikiwe. Wafanyakazi wake wanapimwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza kimo kwenye mkataba: hesabu zifungwe kwa wakati, mteja ahudumiwe, ripoti ifike. Cha pili hakijaandikwa popote: sauti ya yule kaka mbona laini, ana miaka 34 na hajaoa, yule dada mbona kila siku suruali. Mara nyingi hicho cha pili ndicho kinachoamua nani apelekwe mafunzoni, nani akutane na wateja na nani azeekee chumba cha mafaili.

Ukihoji, utajibiwa: "Sheria inakataza." Ni kweli kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza, kinaweza kumfunga mtu maisha, na kwa uchache miaka 30. Mimi nakiona ni cha kikatili. Lakini hata hicho kinaadhibu tendo lililothibitishwa mahakamani. Hakiadhibu sauti laini, wala hakimvishi meneja joho la hakimu.

Sasa soma sheria inayomhusu meneja. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na hali ya ndoa. Hali ya ndoa! Na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kwa hiyo "mbona hujaoa?" ikigeuka sababu ya kumnyima mtu cheo, mvunja sheria ni mwulizaji. Kinachokosekana kwenye orodha ni mtu kuvutiwa na nani. Afrika Kusini waliliweka hilo kwenye sheria yao ya usawa kazini mwaka 1998, na ofisi za Johannesburg hazijafungwa.

Mwaka huohuo wa 2018 ambao Paul Makonda, akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wamletee majina ya mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kwamba hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Ofisini, hata hivyo, majina yanaendelea kukusanywa, saa saba mchana, kwa mama ntilie, juu ya wali maharage. Anayetajwa hayupo kujitetea. Akiachishwa kazi ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini akaseme nini? Kulalamika ni kujitaja. Basi anaandika barua ya kuacha kazi "kwa hiari" na kwenda kuuza simu Kariakoo, shahada ikiwa kabatini.

Usidhani hayakuhusu. Dada aliyemkatalia bosi huitwa msagaji kabla mwezi haujaisha. Aliyeachika naye hupekuliwa. Silaha hii haichagui.

Tutaambiwa huu ni utamaduni wetu. Utamaduni gani? Wazee wa pwani walitufundisha kumsitiri mwenzio, si kumchungulia dirishani.

Wewe utakayekaa kwenye jopo la usaili, lifute swali hilo. Na wewe uliyeketi kwa mama ntilie, umbea ukifika mezani, uliza jambo moja tu: "Kazi yake ina kasoro gani?" Wakikosa jibu, wamalizie wali wao.