Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Sisi tunaosoma falsafa tulifundishwa mapema tahadhari ya David Hume: jambo moja kufuatwa na jingine hakutoshi kuonyesha kwamba la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Darasani ni tahadhari nzuri. Mbele ya mgonjwa anayedai haki yake, yaweza kugeuka kichaka cha kujifichia.

Tutazame vita ya Vietnam. Kati ya mwaka 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilinyunyizia nchi hiyo zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose msitu wa kujificha na mazao ya kula. Iliyotumika zaidi ni Agent Orange, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya mstari wa rangi ya chungwa kwenye mapipa yake. Ndani yake mlikuwamo dioksini, sumu inayokaa mwilini na ardhini kwa miaka mingi.

Askari walirudi nyumbani, na baadaye wengi wakaanza kuugua. Walipodai fidia waliambiwa wathibitishe chanzo cha ugonjwa. Wangethibitishaje? Hakuna aliyewapima damu siku walipopita msituni. Kumbukumbu za ndege zilikuwa mikononi mwa serikali. Tena dioksini hupungua mwilini polepole, hivyo kila mwaka wa kusubiri ulifuta sehemu ya ushahidi.

Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapunguzia mzigo huo: aliyehudumu Vietnam akapata ugonjwa uliomo kwenye orodha, ahesabiwe kuwa ameathiriwa na dawa hizo. Kisukari aina ya 2 kiliingizwa mwaka 2001. Shinikizo la damu liliingizwa mwaka 2022, miaka 51 baada ya unyunyiziaji kukoma. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba kisukari huwapata hata wazee ambao hawakuikanyaga Vietnam, kwa hiyo baadhi wanalipwa wasichostahili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini pasipo uhakika kamili hatuwezi kukwepa kila kosa. Tunaweza tu kuchagua kosa lililo dogo. Kumlipa asiyeathirika ni hasara ya fedha. Kumwacha aliyetiwa sumu na wale wale waliomtuma, afe bila huduma, ni dhuluma. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Fidia hiyo basi ni deni, wala tusiiite sadaka.

Na tukikubali hivyo, hatuwezi kuishia kwa askari wa Marekani. Wavietnam walinyunyiziwa dawa ile ile, na kesi yao dhidi ya makampuni yaliyoitengeneza ilitupwa na mahakama ya New York mwaka 2005. Marekani imegharimia kusafisha udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, kazi iliyokamilika mwaka 2018. Ni jambo la kushukuru, lakini udongo umepata njia ambayo wagonjwa wenyewe hawajaipata mahakamani.

Ndugu msomaji, sisi tunaojiandaa kuwahudumia watu tutakutana na wagonjwa wasio na karatasi za kuthibitisha kilichowaumiza. Kabla ya kuwadai ushahidi, tujiulize kwanza ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuutunza.