Fundi, Hii Kruzi Inajua Kuachilia?

Haya jamani, leo tarakilishi ipumzike. Nina hasira, na chanzo chake ni waya mmoja mwekundu.

Mjomba wangu ana Toyota Hilux ya mwaka 1996, dizeli ya lita 2.8, giya za mkono. Kila mwezi hupeleka pampu za maji Voi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, na akifika goti la kulia limekufa ganzi. Mimi ndiye niliyemshawishi aweke kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo ili dereva apumzishe mguu. (Usikichanganye na kidhibiti mwendo cha matatu, kile cha sheria za Michuki za mwaka 2004. Kile hukuzuia usipite kilomita 80 kwa saa. Hiki hukanyaga mafuta kwa niaba yako.)

Seti ni rahisi kuelewa. Sumaku hufungwa kwenye shafti ya nyuma, kihisio kinahesabu mizunguko, na mota ndogo ya umeme inavuta kebo hadi kwenye pampu ya dizeli. Unataka 80, uko 76, ongeza mafuta kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaandika programu hiyo jioni moja. Nilipenda hesabu hiyo kiasi cha kusahau kuuliza swali la maana.

Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1950, na Chrysler wakakiuza kwenye magari yao mwaka 1958. Hataza yenyewe ilihusu kanyagio la mafuta kuukinza mguu wa dereva, basi. Ni mashine ilipopewa kanyagio lenyewe ndipo ilibidi mtu aulize: itajuaje kuacha?

Jibu liko kwenye swichi ya breki. Kitabu cha seti yetu kinasema waya mwekundu uchukue umeme pale unapoingilia swichi hiyo, baada ya fyuzi ya taa za breki. Waya wa pili unakaa upande wa taa. Ukikanyaga breki, waya wa pili unapata umeme na kisanduku kinaachilia kebo. Fyuzi ikiungua, waya mwekundu unakosa umeme na mota inaachilia yenyewe. Ona jinsi mtu alivyokaa akawaza! Kifaa kikiharibika, kinaharibikia upande wa usalama.

Fundi wetu (simtaji) aliona swichi ya breki iko mbali. Akaunga waya mwekundu kwenye laini ya ufunguo. Swichi ya klachi akaiacha kwenye katoni: "Hiyo si lazima." Kwenye petroli kisanduku kinaweza kusikia injini ikipaa kupitia koili ya plagi, kikaachilia. Dizeli haina koili. Ni lazima, bwana! Tukaijaribu Thika Road, ikashika 80 kama gundi, tukalipa.

Wiki mbili baadaye, tumepita Makindu, fyuzi ya taa za breki imeungua na hatujui. Lori likatoka kupita lingine likaja upande wetu. Mjomba akakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo huku mota ikizidi kuvuta mafuta. Akakanyaga klachi, injini ikapiga mayowe. Nikazungusha ufunguo nikazima. Tulisimama kwenye vumbi nje ya lami, lori limeshapita, mjomba ameshika usukani kwa mikono miwili. Akasema, "Kijana, hii programu yako haisikii."

Wapo watakaosema barabara zetu hazifai kruzi. Mvua ikinyesha au foleni ya Mlolongo, nakubali, zima. Lakini kati ya Emali na Mtito Andei, na goti la mzee wa miaka 67, sikubali. Kinachonikera ni hili neno "imefanya kazi". Tuliijaribu ikishika tu, hatukuijaribu ikiachilia. Na mimi nimo kwenye lawama! Kazini siachi programu ya malipo iwafikie wateja kabla sijachomoa waya wa mtandao katikati ya muamala nione itakavyofanya. Kwa gari lililombeba mjomba, nilitabasamu nikatoa pesa.

Kwa hivyo usilipe bado. Chomoa fyuzi ya taa za breki, kisha mwambie fundi awashe kruzi mahali peupe. Ikishika, mrudishie spana. Gusa klachi taratibu, iachilie kabla injini haijapaa. Na kama uliweka balbu za LED kwenye taa za breki, kaa macho zaidi. Waya ule wa pili hutegemea utambi wa balbu za kawaida kufika kwenye bodi ya gari, kwa hiyo ukiwa na LED kruzi inaweza kukataa kushika. Dawa ni rilei. Kuna wanaoukaza waya huo moja kwa moja kwenye bodi, kruzi ikashika vizuri sana, na breki haiisikii tena.

Jumamosi pikapu inaenda kwa fundi mwingine. Nitakuwa hapo na katoni ya swichi ya klachi mkononi. Mjomba amesema safari ya kwanza nitaendesha mimi.