Projekta ya Kukodi: Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Elimu

Kamishna wa Elimu,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali Mtumba,
Dodoma.

YAH: WALIMU TARAJALI NA TEKNOLOJIA YA DARASANI

Ndugu Kamishna,

Mimi ni mwanachuo wa stashahada ya ualimu, elimu ya msingi, mwaka wa mwisho. Nimerudi juzi kutoka mazoezi ya kufundisha (BTP) katika shule moja ya kijijini, Kanda ya Ziwa, na nina ombi moja. Naomba utoe waraka kwamba mwalimu tarajali anapopimwa matumizi ya teknolojia, apimwe kwa kifaa ambacho shule ile inacho siku zote, mbele ya watoto wote wa darasa lile, hata kama ni kishikwambi kimoja kwa watoto 110. Yaliyobaki katika barua hii ni sababu.

Wiki ya tathmini ilipokaribia, wenzangu walichanga fedha wakakodi projekta na jenereta kutoka mjini. Darasa la Sita likaoneshwa volkano inalipuka ukutani. Watoto walishangilia, mkufunzi akaweka tiki kwenye kipengele cha zana za TEHAMA, na jioni hiyohiyo jenereta likarudi kwa mwenyewe. Kesho yake somo liliendelea kwa chaki. Siwalaumu wenzangu. Fomu iliuliza kama teknolojia imetumika, nao wakaijibu fomu. Alama za BTP hazina mzaha, na mtu anayezihitaji hawezi kuanza kubishana na karatasi.

Mwalimu wa Darasa la Pili niliyekabidhiwa kwake hakuwa na projekta wala bando. Alikuwa na kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu. Darasa lake ni hao 110 niliowataja, wanakaa wannewanne kwenye dawati. Ukimpa kila mtoto dakika moja akusomee, kipindi cha nusu saa kinaisha hujafika theluthi ya darasa. Kwa hiyo yeye hutoa watoto kumi wakakaa chini ya mwembe, wengine wakiwa ndani wanaandika, na kila mmoja wa wale kumi anasoma aya ileile mbele ya kishikwambi. Sauti inarekodiwa. Hakuna intaneti inayohitajika, wala umeme zaidi ya ule wa kuchaji usiku kucha nyumbani kwa jirani mwenye sola. Akifika kwake, huku anachambua mchele, anasikiliza.

Jioni moja aliniita nisikilize watoto wanne waliosoma bila kukwama popote. Wote wanne walikuwa wameruka mstari uleule. Hawakuwa wakisoma, walikuwa wamekariri ukurasa kutoka kwa mwenzao mmoja, naye ndiye aliyeruka mstari kwanza. Darasani, katika kelele za watoto mia na ushee, mwalimu yeyote angewapigia makofi na kusonga mbele. Yeye kesho yake aliwapa ukurasa ambao hawajauona, wakakwama neno la kwanza, akarudi nao kwenye silabi.

Ndugu Kamishna, sijaona matumizi bora ya teknolojia darasani kuliko hayo, na kwenye fomu yetu ya tathmini hapana mahali pa kuyaandika. Chuoni kwetu somo la TEHAMA lilitufundisha sehemu za kompyuta, tofauti ya RAM na ROM, na jinsi ya kupamba slaidi. Ni maarifa halali, sikatai. Lakini karani wa benki naye anayahitaji. Mwalimu anahitaji zaidi ya hapo: kujua nani kati ya watoto wake anasoma na nani anaigiza kusoma.

Najua kutakuwa na jibu kwamba vifaa vinakuja. Ni kweli vimekuwa vikija. Mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya Serikali vilianza kuwekewa kompyuta. Baadaye ukaja mradi wa kusaidia elimu ya ualimu, TESP, kwa fedha za Canada, ukafika vyuo vyote 35 vya Serikali. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, na mwenye kishikwambi anaweza kuvipakua akienda mnadani palipo na mtandao, akavisoma kijijini bila bando. Yote hayo nayashukuru. Ila shule za msingi zitanunua nini zenyewe? Shule ya watoto 900 ikipokea shilingi 6,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, ile sehemu ya ruzuku inayokwenda moja kwa moja shuleni, ina 5,400,000. Hiyo ni 450,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, mitihani, matengenezo na LUKU. Projekta haimo. Nguzo za umeme nazo zimefika karibu kila kijiji, lakini pale nilipokuwa taa ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu tu, madarasa hayajatandazwa waya.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kabatini. Kishikwambi nilichokieleza ndicho pekee kilichokuwa kikitoka nje. Vingine vilikaa kwa mwalimu mkuu, vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, vingine bado na karatasi laini juu ya kioo. Kila mwalimu alisaini alipokipokea, na kila mmoja anaamini kwamba kioo kikipasuka mkononi mwa mtoto, yeye atakatwa mshahara. Iwe kweli au uvumi, mistari mitano kutoka ofisini kwako ingeimaliza hofu hiyo: uharibifu wa kawaida kazini unaripotiwa wapi, nani analipa, na tarajali aliyeko BTP anaruhusiwa kukishika au la. Mimi nilikishika kwa huruma ya mwalimu mmoja.

Wapo pia wanaoona mwalimu hana haja ya kusumbuliwa kwa sababu kifaa kitafundisha chenyewe. Hilo lilijaribiwa mkoani Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, karibu watoto 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa sola, na wengi wao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Ni kazi kubwa, hasa kwa mahali pasipokuwa na shule. Lakini nusu ile iliyobaki ndiyo kazi yangu mimi, na hakuna aliyenifundisha jinsi ya kuitambua ndani ya darasa la watoto 110.

Kuhusu akili unde nitasema kwa ufupi. Inaandika andalio la somo kwa dakika moja. Sisi tunajua na wakufunzi wanajua. Niliona moja lililoagiza watoto watazame video, kisha wajadili kwa vikundi kwenye kompyuta zao. Lilipewa alama nzuri.

Jambo moja lililonitia wasiwasi ni sauti zile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtoto wa miaka minane anayekwama kusoma haipaswi kuzagaa. Yule mwalimu huzifuta kila Ijumaa, kwa busara yake tu. Wapo wengine wanaowarekodi watoto wakicheza au wakikosea, na jioni video iko TikTok ikivuna vicheko. Katika miaka yangu yote ya chuo sikusikia mhadhara hata mmoja juu ya hili. Ukitoa waraka ninaouomba, tafadhali liwemo: nini kirekodiwe, kikae muda gani, mzazi aulizweje.

BTP nyingine iko mbele na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza watapelekwa shuleni wakiwa na fomu ileile. Badilisheni kipengele kile kimoja. Badala ya kuuliza kama zana ya TEHAMA imetumika, kiulize: baada ya kipindi, tarajali amejua nini kuhusu watoto wake ambacho hakukijua kabla? Mkufunzi akae nyuma ya darasa akihesabu watoto walioguswa na kifaa hicho, na akitoka amuulize mwalimu mwenyeji kama kesho kitatumika tena.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu tarajali,
mwaka wa mwisho.